Nyota Mia Nne za Fundi Asiyekuwepo

Haya nimeambiwa na mke wa mwanangu wa pili, Jumapili iliyopita baada ya chakula cha mchana, tukikunja nguo zilizokauka. Yeye ndiye anayefagia ofisi ya Orodha, na siku ya sherehe alikuwemo ukumbini akigawa soda. Kwa hiyo mwenye kubisha akabishane naye, si mimi.

Wiki iliyopita tuliachana pabaya. Bwana Kiungo amechana bahasha. Kipaza sauti kiko mdomoni. Watu karibu mia wametega masikio wamjue Mfanyabiashara Bora wa Mtaa, katika sherehe ya miaka mitano ya Orodha, ile inayokuonyesha kwenye simu fundi cherehani yuko wapi na kinyozi anafungua saa ngapi. Bwana Kiungo akavuta pumzi, akasoma:

"Nuru Saa! Fundi wa saa, chini ya ngazi, jengo la bluu!"

Na Karani wake, aliyekuwa amebeba keki, akaiachia keki.

Ilikuwa keki ya ghorofa tatu. Ikabaki ghorofa moja na nusu.

Watu walicheka, wakadhani ni bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Ukumbini mle walikuwa watu wawili tu waliojua kwamba Nuru Saa hayupo, hajawahi kuwepo, wala hana mjomba wala shangazi. Mmoja ni Karani. Wa pili ni Bwana Kiungo mwenyewe, ambaye alikuwa amesahau.

Nikueleze upesi, wewe ambaye wiki iliyopita gazeti lilifungiwa maandazi ukalikosa.

Huyu bwana jina alilopewa na mama yake watu wameshalipoteza. Ukimsalimia, "nitakutumia kiungo." Ukimuuliza choo kiko wapi, "nitakutumia kiungo." Mwaka wa kwanza wa Orodha yake aliogopa wezi. Si wezi wa kuvunja milango, wezi wa majina: mtu anakuja kimyakimya, anazoa maduka yote aliyoyaandika, anafungua Orodha yake mtaa wa pili. Basi akamwagiza Karani apenyeze duka moja la uongo katikati ya maduka ya kweli. Siku ukiliona duka hilo kwa mwenzako, umemshika mkono ndani ya chungu. Wenyewe wanakiita chambo.

Karani akauliza, "Niliweke wapi, bosi?"

"Weka hapo chini ya ngazi zetu. Pale hapana mtu."

Hapana mtu! Pale yupo Mama Kibano, na mwaka huu ametimiza miaka kumi na moja pale. Meza yake, taa yake, geti lake la wavu, na saa za watu ukutani zinaimba kila moja wimbo wake. Bwana Kiungo amezipanda ngazi zile miaka mitano, mara nne kwa siku, kiatu chake kikipita juu ya kichwa cha mwanamke yule, na hajawahi kuinama hata kwa kudondosha ufunguo.

Mama Kibano naye aliomba kuandikwa kwenye Orodha. Mara nne. Mke wa mwanangu ndiye aliyemjazia fomu. Mara nne jibu likawa lile lile: Samahani, anwani hii tayari ina biashara nyingine.

Na sasa Mwenye Jengo, mzee mmoja asiyeamini macho yake mpaka simu imthibitishie, alikuwa ametoa amri. Aliyemo kwenye Orodha atabaki. Asiyemo aondoke siku ya sherehe, saa saba mchana. Chini ya ngazi pang'olewe geti, pawekwe maua ya plastiki na kioo, watu wapigie picha na nembo ya Orodha. Fundi wa kuchomelea alikuwa ameshafika na mashine yake, amekaa kwenye ngazi ya kwanza anakunywa chai.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimngoja Mama Kibano. Saa sita na nusu alikuwa amesimama mlangoni pa ukumbi, kisanduku cha vifaa kwapani, ufunguo wa geti mkononi, amekuja kuukabidhi kama alivyoamriwa. Ndipo akasikia anwani yake inatangazwa kwa kipaza sauti.

Haya, twende.

"Nuru Saa!" Bwana Kiungo akarudia, meno yote nje. "Makofi tafadhali! Aje mbele!"

Makofi yakapigwa. Yakapungua. Yakaisha.

Hakuja mtu.

Karani akasogea, krimu imemjaa kwenye viatu, akamnong'oneza. Mke wa mwanangu alikuwa hatua moja nyuma yao na trei ya soda, akasikia kila neno.

"Bosi, huyo ni chambo."

"Chambo gani?"

"Chambo chako. Cha mwaka wa kwanza. Hayupo."

"Hayupo vipi, na ana nyota mia nne na kumi na mbili?"

"Hata mimi nashangaa, bosi."

"Kwa nini hukuangalia kabla ya kufunga bahasha?"

"Ulisema mashine ichague yenyewe. Ulisema utawaambia watu hakuna mkono wa binadamu."

Bwana Kiungo akaikaza tai. Kisha akageukia watu akatabasamu. Mtu wa namna ile ukimtupa kisimani atatoka anauza maji.

"Ndugu zangu, Nuru Saa yuko safarini! Kazi zimemwita mbali. Zawadi yake nitaipokea mimi kwa niaba."

Wengine wakaanza tena kupiga makofi. Ingeishia hapo. Lakini sifa ni ugonjwa, na Bwana Kiungo alikuwa amekodi skrini kubwa kama shuka la kitanda cha futi sita, ili ukurasa wa mshindi uonekane na kila mtu. Kijana wa skrini hakuambiwa lolote. Akabonyeza.

Ukurasa wa Nuru Saa ukajaa ukutani. Nyota mia nne na kumi na mbili. Chini yake, maneno ya wateja.

Mwenye Jengo alikuwa kiti cha mbele. Mzee yule ana tabia: kikiandikwa kitu mbele yake lazima akisome kwa sauti, hata bei ya sabuni. Akavaa miwani, akaanza.

"'Namba ya simu haipatikani. Msipige. Nendeni tu, yupo.'"

Akashuka mstari.

"'Saa ya marehemu baba ilikuwa imelala miaka sita. Mama huyu ameiamsha kwa siku moja.'"

"Mama?" mtu akauliza nyuma.

"'Usiogope kukaa karibu na viatu vya watu wanaopanda. Mama ni mpole, ila usimsemeshe akiwa na kioo jichoni.'" Mzee akakohoa. "'Nilimuuliza, wewe ndiye Nuru? Akanijibu, lete saa.'"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka, alikuwa anatafuta mstari.

"'Mtamjua kwa miwani. Mkono mmoja wa miwani umefungwa kwa uzi wa kijani.'"

Mke wa mwanangu anasema hapo ndipo ukumbi mzima uligeuza shingo, kama mtu amevuta kamba moja. Mlangoni alisimama mwanamke mfupi, kisanduku kwapani, miwani puani. Uzi wa kijani.

"Mama Kibano," akasema Mwenye Jengo. "Ufunguo umeleta?"

Nikaushe machozi au nicheke? Mzee amesoma yote yale kwa mdomo wake mwenyewe, na lililotoka ni ufunguo!

"Nimeuleta, mzee," akasema Mama Kibano. Akapita katikati ya viti, akauweka ufunguo mezani, pembeni ya keki iliyovunjika. "Ila kabla sijaenda, naomba kuuliza. Hizo nyota ni za nani?"

"Ni za Nuru Saa," akadakia Bwana Kiungo.

"Aliye chini ya ngazi?"

"Ndiyo."

"Ngazi zipi?"

"Hizi hizi, mama. Umepanda zipi?"

"Basi tunakaa pamoja," akasema Mama Kibano, polepole kama anayetafuta skrubu iliyodondoka. "Pale pana hatua mbili kwa tatu. Nimekaa miaka kumi na moja. Huyo mwenzangu ana mitano. Hata siku moja hajaniambia nisogee."

Kicheko hicho kilifika mpaka kwa fundi wa kuchomelea huko chini.

Mwingine angeona aibu. Bwana Kiungo hana hiyo, alizaliwa ikiwa imekwisha dukani. Akanyoosha kidole.

"Nilikuwa sitaki kulisema hili mbele za watu! Huyu mama ni kibarua wa Nuru Saa. Anamsaidia kupokea wateja. Sasa bosi kasafiri kidogo, kibarua anataka kujivika sifa!"

Mama Kibano akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa tena, kana kwamba alitaka kumwona vizuri zaidi mtu yule.

"Mimi kibarua?"

"Kibarua, ndiyo."

"Na huyo tajiri wangu ni mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume," akasema Bwana Kiungo. Halafu akaongeza, maana uongo wake hauwezi kutembea bila mapambo: "Mrefu."

"Mrefu, chini ya ngazi zile?" akasema mwanamke mmoja. "Analala amejikunja kama koma?"

Mwenye Jengo akagonga sakafu kwa kiatu. "Kimya! Mimi nataka jambo moja. Amri yangu ni amri. Aliyemo kwenye Orodha abaki. Nuru yumo. Kama yupo, geti halitang'olewa, na picha zenu mtapigia kwingine. Kama hayupo, mama huyu aondoke, na wewe bwana utanieleza umekuwa ukiniandikia nini kwenye jengo langu. Sasa yupo au hayupo?"

Mtazame Bwana Kiungo sasa. Akisema hayupo, Orodha yake ni ya uongo na wanaosikia ni wateja wake wote. Akisema yupo, lazima amlete.

"Yupo," akasema.

"Mlete."

"Yuko safarini, mzee wangu."

"Ulisema kidogo. Kasafiri kidogo. Mlete kabla ya saa saba."

Saa sita na dakika arobaini hiyo. Mama Kibano akakaa kwenye kiti cha plastiki, kisanduku mapajani. Hakulia, hakulalamika. Mke wa mwanangu alimpelekea soda, akamuuliza, "Mama, huogopi?"

"Naogopa sana," akajibu. "Nikitoka pale sina pa kwenda. Saa hazitengenezwi barabarani, vumbi linaingia. Lakini mwanangu, nami nataka kumwona huyo Nuru."

Bwana Kiungo alikuwa ametoka nje na simu sikioni. Dakika kumi na tano. Karani alikusanya keki kwa beleshi la zege, wala hakuna aliyeiomba.

Kisha mlango ukafunguka.

"Mabibi na mabwana," akapaza Bwana Kiungo, jasho linamtiririka, "amewahi! Nuru Saa mwenyewe!"

Akaingia mwanamume mrefu kweli. Koti zuri la bluu, mikono ya koti imekomea katikati ya mkono. Mke wa mwanangu alimtambua hapo hapo, maana ndiye anayeegesha gari la Bwana Kiungo kila asubuhi na kumwaga majivu ya sigara pale alipokwisha kufagia. Ni shemeji yake Bwana Kiungo, kaka wa mkewe. Na koti ni la Bwana Kiungo, la kuning'inia ofisini kwa ajili ya wageni.

"Hamjambo," akasema Shemeji. Bado alikuwa anatafuna.

"Wewe ndiye Nuru?" akauliza Mwenye Jengo.

"Ndiye. Nuru. Wa saa."

"Mama huyu unamjua?"

Shemeji akamtazama Mama Kibano, akamtazama Bwana Kiungo, akaona nyusi zinampigia ishara. "Namjua. Kibarua wangu huyu. Mchapakazi, ila mdomo."

"Tajiri, shikamoo," akasema Mama Kibano.

"Marahaba, mama."

Watu wakaguna. Kijana wa miaka thelathini na kidogo kuitikia shikamoo ya mwanamke wa miaka sitini, na kuiitikia kwa raha! Hapo hata waliokuwa wanasinzia waliamka.

"Nami nimefurahi," akaendelea Mama Kibano. "Miaka yote nafanya kazi gizani, sijawahi kumwona tajiri akishika bisibisi. Mzee, naomba anionyeshe leo nijifunze."

"Hakuna saa mbovu hapa," akawahi Bwana Kiungo.

"Ipo," akasema Mama Kibano. Akaelekeza kidole kwenye meza ya zawadi.

Pale, kitambaa chekundu kikiwa kimeshatelezeshwa pembeni, ilikuwepo zawadi ya mshindi: saa ya ukutani, ya dhahabu, pana kama sinia, nembo ya Orodha katikati. Bwana Kiungo alikuwa ameisifu asubuhi nzima. Ameiagiza mwenyewe, alisema, saa kwa sababu Orodha inakwenda na wakati.

"Nimeingia hapa saa sita na nusu, inasema saa nne na dakika kumi," akasema Mama Kibano. "Sasa inakaribia saa saba. Bado inasema saa nne na dakika kumi."

Mwenye Jengo akaisogelea, akainama, akasoma kwa sauti, "Saa nne na dakika kumi." Akatazama simu yake. "Kweli imesimama. Nuru, itengeneze."

"Sasa hivi?"

"Kuna kazi nyingine umekuja kufanya?"

Mama Kibano akamfungulia kisanduku chake, kwa adabu zote. "Chukua unachotaka, tajiri."

Shemeji akachagua kitu kikubwa kuliko vyote, koleo la kunyooshea waya. Akaibeba saa kama mtu anayebeba mtoto wa mwenzake. Akaigeuza. Akaipiga kofi la mgongo. Akaitikisa karibu na sikio. Akapuliza. Akaipiga tena, mara hii kwa kisigino cha kiganja, kama mnavyopiga redio zenu. Kisha akaiweka sikioni muda mrefu, macho ameyafumba, sura ya mtaalamu.

"Tayari," akasema.

"Tayari?" akauliza Mwenye Jengo.

"Mashine ilikuwa imekaza. Nimeilegeza. Sasa inatembea, naisikia."

"Unaisikiaje?" akauliza Mama Kibano.

"Tik, tik, tik. Vizuri kabisa."

"Wasikilize na wengine."

Shemeji akazungusha saa, akawasikilizisha watu wa mstari wa mbele. Na kwa heshima yenu sitayasema majina ya kazi zao, lakini watu wazima wawili, mmoja ana duka la ghorofa, waliitikia kwa kichwa wakasema ndiyo, wanaisikia.

"Makofi kwa Nuru Saa!" akapiga ukelele Bwana Kiungo.

"Subiri kidogo," akasema Mama Kibano.

Akaichukua saa. Akaishika kwa mkono mmoja, akaipandisha na kuishusha, kama anayekisia uzito wa kitunguu. Hapo mke wa mwanangu aliona mdomo wake umecheza, kwa mara ya kwanza siku ile. Akachukua bisibisi ndogo kuliko zote. Skrubu nne. Moja, mbili, tatu, nne. Akalivua bamba la nyuma, akaigeuzia saa kwa watu.

Ndani hapakuwa na kitu.

Si mashine mbovu. Hapakuwa na mashine. Hapakuwa na gurudumu, wala betri, wala mahali pa betri. Palikuwa na matone mawili ya gundi kavu yaliyoshikilia mishale, na kijikaratasi.

Mwenye Jengo akakitoa, akasoma kwa sauti. Nani angemzuia?

"'Kwa kupamba dirisha la duka tu. Haitembei.'"

Hebu fikiria. Mtu ameagiza pambo la dirishani, akalibandika nembo yake, akalisifu kuanzia saa tatu asubuhi. Mtu mwingine amelitengeneza. Na wawili wakalisikia likitembea.

"Tajiri," akasema Mama Kibano, "umelegeza nini humu?"

Shemeji akavua koti. Akalikunja vizuri, akamrudishia Bwana Kiungo mikononi. "Shemeji, mimi uliniambia nitasimama tu." Akatoka. Wakamsikia ngazini anamwomba fundi wa kuchomelea chai.

Bwana Kiungo akamgeukia Karani, maana watu wa namna ile wakianguka lazima watafute wa kumwangukia.

"Wewe! Haya yote ni kazi yako! Umefukuzwa kazi!"

"Sawa," akasema Karani. "Neno la siri la mashine unalijua?"

Bwana Kiungo akaanza kujipapasa mifukoni.

"Basi nitafukuzwa Jumatatu." Karani akaweka beleshi chini, akamsogelea Mwenye Jengo. "Mzee, Nuru hayupo. Niliandika mimi, kwa amri ya huyu. Alisema chini ya ngazi hapana mtu. Wateja wakawa wanakuja kumtafuta Nuru, wanamkuta mama, anawatengenezea, wanaondoka wanaandika. Nyota zote zile ni za mama. Na kila alipoomba kuandikwa, mashine ilimkataa kwa sababu nafasi yake ilikuwa imekaliwa na mtu ambaye hayupo."

Mwenye Jengo akafikiri. Nisikufiche, alifikiri muda mrefu kwa jambo ambalo mtoto wa chekechea angelimaliza akivaa soksi. Saa yake ya mkononi, ile aliyokuwa ameivaa pale pale, Mama Kibano ameitengeneza mara mbili bila kupokea kitu. Amepita mbele ya meza ile miaka kumi na moja. Lakini hakusema, "Namjua mama huyu." Alisema nini?

"Mwandike kwenye simu, nione."

Karani akabonyeza. Akalifuta jina la Nuru, akaandika Mama Kibano. Skrini ikamezwa na weupe, ikarudi. Jina jipya, nyota zile zile, mia nne na kumi na mbili.

"Ah!" akasema Mwenye Jengo, amefurahi kama kapata mpangaji mpya. "Sasa yumo. Kumbe yumo! Nimeamua kwa haki: mama atabaki."

Kwa haki! Haya.

Watu wakamshangilia Mama Kibano mpaka maputo mawili yakapasuka. Bwana Kiungo naye, hutaamini, alishangilia. Akashika kipaza sauti, akasema, "Orodha imempata fundi wa kweli! Mama, njoo tupige picha, nitakutumia kiungo!"

Mama Kibano hakumtazama. Aliokota ufunguo wake pembeni ya keki, akaufuta krimu kwa kidole.

"Mzee," akamwambia Mwenye Jengo, "yule wa kuchomelea bado yuko chini?"

"Yupo."

"Ameshatoka kwake na mashine, asirudi bure. Bawaba ya geti langu imelegea tangu mwaka juzi. Aichomelee. Na alipe huyu bwana wa picha, maana ndiye aliyemwita."

Akashuka ngazi. Ikachomelewa.

Ningeweza kukomea hapo, kila mtu akaenda zake ameridhika. Lakini Karani alishuka nyuma yake.

Ilikuwa saa tisa imepita. Geti limepoa, saa za ukutani zinaimba. Mke wa mwanangu alikuwa amekaa ngazi ya mwisho na ufagio wake, miguu inamuuma. Karani akajikalia kwenye benchi la wateja, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama, Nuru hakuwa peke yake."

"Unasemaje?"

"Kila mwaka, kila maadhimisho, bosi aliongeza chambo kimoja. Vimeshafika vitano. Kimoja ni zahanati. Niliiweka mwisho wa kichochoro cha nyuma ya ghala. Siku ile naiweka nilikwenda mwenyewe kupima, mama. Pana ukuta mtupu. Hapana mlango wala dirisha, na hapana ngazi mtu akakae chini yake."

"Sasa?"

"Ina nyota mia tatu. Watu wanaandika wamepata dawa. Wanaandika daktari ana mikono ya baridi. Jana mmoja ameandika mama yake amelazwa humo tangu Jumanne, anauliza saa za kutazama wagonjwa."

Mama Kibano akainua kichwa. "Kalazwa ndani ya ukuta?"

"Ndiyo maana niliangusha keki, mama. Niliposikia Nuru ameshinda, nikajua chambo kinaweza kuwa na mtu, nikajiuliza kule ni nani."

"Umekwenda kuangalia?"

"Naogopa."

Mama Kibano akaichukua karatasi, akaisoma, akaikunja tena mara nne, akaiweka ndani ya kisanduku, chini ya kibano. Hakuwa amefumba jicho tangu siku tatu nyuma, ilipotoka amri.

"Nitakwenda mimi," akasema. "Nikiamka."

Lililobaki mke wa mwanangu hakuliona, kwa sababu alikuwa ameshaegemeza kichwa ukutani na usingizi umemchukua na ufagio mkononi. Aliambiwa baadaye na Mama Kibano na wenyewe, kila mmoja kipande chake. Juu ukumbini Mwenye Jengo alikuwa anakoroma kwenye kiti cha mbele. Bwana Kiungo alijifungia ofisini, akajilaza kwenye kochi na viatu vyake, koti la wageni limemfunika uso. Shemeji alilala garini, mdomo wazi. Karani, ambaye usiku kucha alikuwa akipuliza maputo, alisinzia pale pale kwenye benchi.

Mama Kibano akavuta geti, likafungika bila kulia. Akazima taa. Akazisikiliza saa za watu moja moja, zote zinatembea. Kisha akaweka miwani mezani, uzi wa kijani juu, akalala.